Usione Zaruka, Zimeundwa

Wahenga waliposema "usione vyaelea, vimeundwa" walikuwa wakivitazama vyombo vya baharini. Walimkumbusha mtu aliyesimama ufukoni akilistaajabia jahazi kwamba nyuma ya tanga lile jeupe palikuwa na fundi, shoka, mbao na siku nyingi za jasho. Wahenga hao hawakuwahi kuona ndege za kivita, sembuse ndege za kivita zinazoruka ndani ya kioo cha simu. Hata hivyo methali yao haijazeeka. Katika siku hizi ambapo kila mwenye simu ya mkononi anaweza kutazama vita vya mbali huku akinywa chai, yampasa kila mtazamaji ajiulize: hiki kinachoruka kimeundwa na nani, na kwa kusudi gani?

Mambo yenyewe huwa hivi. Asubuhi, kabla ya kengele, mwalimu huingia katika chumba cha walimu na simu mkononi. "Ndugu zangu, mmeyaona haya?" Wenzake humzunguka. Kiooni ndege mbili za kivita zinafukuzana juu ya mawingu. Moja inafyatua kombora, ya pili inageuka tufe la moto na kuanguka. Mmoja anasema nchi fulani sasa imekwisha. Mwingine anasema alijua tangu zamani kuwa ndege za nchi ile ni makopo matupu. Ikifika saa nne filamu hiyo imekwisha fika ofisi ya wilaya, na makarani wameacha mafaili mezani wakiitazama. Jioni mwanafunzi wa kidato cha pili anaonyeshwa, anaitazama kwa nukta chache, kisha anajizuia kucheka. "Samahani, mwalimu. Hivyo si vita. Hiyo ni gemu."

Mtoto anajua kwa sababu ameucheza mchezo huo. Ameilipia dakika zake katika kibanda cha mtaani chenye televisheni mbili na jenereta, na ndege ile ameirusha na kuiangusha mara nyingi kwa vidole vyake mwenyewe. Mwalimu hajui, kwa sababu hajawahi kuingia katika kibanda hicho ila kumtoa mtoto mtoro. Siku hiyo elimu imegeuka, na aliyepaswa kufundisha ndiye aliyefundishwa. Si aibu kubwa kufundishwa na mtoto. Aibu ni kwamba kati ya asubuhi na jioni watu mia wamekwisha amini, na miongoni mwao hakuna atakayepelekewa masahihisho.

Si walimu wa vijijini peke yao

Asije mtu akadhani kwamba huu ni ugonjwa wa watu wa nchi changa wasiozoea mitambo. Urusi ilipoingiza majeshi yake Ukraine tarehe 24 Februari 2022, siku chache hazikupita kabla dunia haijasimuliwa habari za rubani mmoja wa Ukraine wa ndege ya MiG-29 aliyepewa jina la "Mzuka wa Kyiv". Ilidaiwa kuwa katika siku ya kwanza pekee alitungua ndege sita za adui. Filamu ya mojawapo ya mapambano yake ilitazamwa na watu wengi mno. Kumbe ilitoka katika mchezo wa kompyuta uitwao DCS, na aliyeitengeneza alikuwa ameeleza wazi kwamba ni ya mchezo, ameitengeneza kwa heshima ya shujaa huyo. Maelezo hayo yalidondoka njiani. Picha zikaendelea na safari peke yake. Mwishoni mwa Aprili 2022 Kamandi ya Jeshi la Anga la Ukraine yenyewe ilitamka kwamba Mzuka huyo ni shujaa wa hadithi aliyebuniwa na wananchi, na kwamba sifa zake ni za marubani wengi walioilinda anga ya mji mkuu.

Upande wa pili nao hauna la kujivunia. Mnamo Novemba 2017 Wizara ya Ulinzi ya Urusi ilitoa picha ilizosema ni ushahidi usiokanushika kwamba Marekani ilikuwa ikiwalinda wapiganaji wa kundi la Dola ya Kiislamu nchini Syria. Watazamaji wenye macho makali waligundua upesi kuwa picha mojawapo ilitokana na tangazo la mchezo wa simu, ambao mchezaji wake huketi ndani ya ndege ya Marekani ya AC-130 na kuwapiga mizinga watu walio chini. Picha nyingine zilikuwa za jeshi la anga la Irak, za mwaka uliotangulia. Wizara ikaziondoa, na kosa akatwikwa mtumishi mmoja wa kiraia.

Na Uingereza, nchi inayopenda kuwafundisha wengine uandishi wa habari? Mwezi Septemba 2011 televisheni ya ITV ilionyesha kipindi kuhusu uhusiano wa Gaddafi na jeshi la IRA la Ireland. Ndani yake walitia filamu ya helikopta ikitunguliwa, nayo ikapewa maandishi kuwa ni filamu ya IRA ya mwaka 1988. Filamu hiyo ilitoka katika mchezo wa kompyuta uitwao Arma 2, ambao mwaka 1988 haukuwa umeota hata na waundaji wake. Januari 2012 chombo kinachosimamia utangazaji nchini humo kiliamua kwamba watazamaji walipotoshwa.

Wizara ya dola kubwa ina maofisa wa upelelezi, na kituo cha televisheni cha London kina wahariri, maktaba na fedha. Ikiwa hao wameteleza, ni dhahiri kwamba tatizo si ujinga wa mtazamaji peke yake. Pana jambo katika uundaji wa vitu hivi linalopaswa kuchunguzwa.

Karakana moja

Mchezo wa ndege haukuanza kuwa mchezo. Katika miaka ya 1920 kijana wa Kimarekani aitwaye Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda huko Binghamton, alichukua mifuko ya upepo ya vinanda akaitumia kutengeneza ndege ya bandia isiyoondoka ardhini. Mwanafunzi aliketi ndani, akashika usukani, na ndege ikainama na kuyumba kama iliyo angani. Watu waliiona kama bembea ya uwanja wa maonyesho. Jeshi halikuijali mpaka mwaka 1934, lilipokabidhiwa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege na marubani wake wakaanza kufa katika ukungu na dhoruba kwa kutojua kuendesha ndege kwa kutegemea saa na mishale tu. Ndipo jeshi likanunua mashine sita za Link. Katika vita vikuu vya pili maelfu kwa maelfu ya marubani walifundishwa ndani ya mashine hizo.

Hivyo ndege ya bandia ina sifa yake, na haki lazima itendeke. Abiria anayepanda ndege leo kwenda Mwanza au Mbeya anaendeshwa na rubani aliyekwisha zimikiwa injini mara nyingi akiwa ndani ya chumba, bila hatari kwa mtu yeyote. Anayesema kwamba kuiga ni upuuzi hajui roho ngapi zimeokolewa na kuiga.

Lakini tangu zama za Link, karakana ya jeshi na karakana ya michezo zimeendelea kuazimana vyombo. Tarehe 4 Julai 2002 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilitoa bure mchezo wa kompyuta liliouita America's Army, kwa kusudi lisilofichwa la kuwavutia vijana wajiandikishe. Mchezo huo uliendeshwa kwa karibu miaka 20, hadi ulipofungwa Mei 2022. Makampuni ya binafsi nayo yalishika njia hiyo hiyo, maana yaligundua kwamba kijana hununua kile kinachofanana na kweli. Kila mwaka moshi ukaongezwa weusi, bawa likaongezwa misumari, na jua likafundishwa kung'aa juu ya kioo cha rubani. Kwa hiyo mtu anapodanganyika na filamu ya mchezo, anadanganyika na kitu kilichogharimiwa fedha nyingi ili kifanane na kweli. Waundaji hawakukusudia uzushi, walikusudia faida. Wazushi walikuta jahazi limekwisha undwa, wakapakia shehena yao.

Shauku hiyo ya kufanana na kweli imezaa kioja ambacho watumishi wa serikali hawana budi kukitafakari. Upo mchezo uitwao War Thunder, wa vifaru, meli na ndege za kivita. Wachezaji wake hubishana kwa ukali kama kifaru fulani kimetengenezwa sawasawa na kile cha kweli. Julai 2021 mmoja wao, ili ashinde ubishi, alitoa hadharani kurasa za kitabu cha kijeshi cha kifaru cha Uingereza cha Challenger 2. Januari 2023 zikatolewa nyaraka zisizoruhusiwa kusambazwa za ndege ya F-16. Kampuni yenye mchezo ilizifuta, lakini maji yalikuwa yamekwisha mwagika. Si pesa ya jasusi iliyozitoa siri hizo wala si mateso gerezani. Zilitolewa na hamu ya mtu kuonekana mjuzi mbele ya wenzake. Kila mwenye ufunguo wa kabati la mafaili anaijua hamu hiyo. Ndiyo hiyo hiyo inayomfanya karani aseme "mimi nimeuona waraka wenyewe", na ndiyo inayomfanya mwalimu awe wa kwanza kuleta filamu ya vita asubuhi.

Ardhi isiyo na watu

Liko kosa jingine la michezo hii lililo baya kuliko picha za uongo. Mchezo hukuonyesha anga kwa uangalifu mkubwa na kuiacha ardhi tupu. Ndege ina kila msumari. Kijiji kilicho chini yake ni madoa ya kijani na kijivu. Bomu likianguka alama huongezeka, na hakuna anayelia.

Watanzania wana sababu ya kulijua jambo hili kuliko wengi. Mwishoni mwa Machi 1979, wakati majeshi yao yakisonga mbele ndani ya Uganda baada ya uvamizi wa Kagera, ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22 ilitumwa kuipiga Mwanza ili kumwokoa Idi Amin. Ilikosa shabaha. Mabomu yaliangukia kisiwa cha Saanane katika Ziwa Victoria, palipokuwa na hifadhi, na waliouawa walikuwa wanyama. Katika mchezo wa kompyuta tukio hilo lingekuwa sifuri: mchezaji amekosa, ajaribu tena. Kwa watu wa Mwanza ilikuwa tofauti ya umbali mdogo tu kati ya swala wa kisiwani na watoto wa mjini. Vita havina macho, na rubani aliye juu sana hana macho ya kutosha.

Vita vile vilikuwa pia na uongo wake. Mapema Novemba 1978 Amin alijigamba kwa kutumia redio yake kwamba majeshi yake yameiteka ardhi ya Tanzania kaskazini ya mto Kagera kwa dakika 25. Lakini uongo ule ulikuwa na anwani. Msikilizaji aliyefungulia Redio Uganda alijua anayesema ni nani na anataka nini, akapima maneno kwa kipimo cha msemaji. Filamu ya leo haina anwani. Huletwa na shemeji, na mchungaji, na mwalimu mkuu mstaafu. Mtazamaji haamini filamu, anamwamini shemeji. Uongo wa zama hizi huja umevaa shati la mtu wa nyumbani, na ndiyo maana haubishiwi hodi.

Na usidhaniwe ni burudani ya mambo ya mbali. Mji wa Goma ulipotekwa mwishoni mwa Januari 2025, askari wa Tanzania walikuwa mashariki ya Kongo, pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi, katika kikosi cha Jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika. Afikiriwe mama mwenye mwana katika kikosi kama hicho, anayeletewa filamu ya kambi ikilipuka chini ya helikopta, na juu yake limeandikwa jina la mji aliko mwanawe. Afikiriwe usiku wake. Kisha afikiriwe aliyeituma, mtu mwema, mtumishi wa umma, ambaye hakutaka ila kupasha habari.

Nani alishika kamera?

Basi lifanyike nini? Baadhi ya wazee watasema vibanda vya michezo vifungwe. Huko ni kumpiga punda kwa kosa la mwenye mzigo. Mtoto wa kibandani ndiye pekee aliyeitambua filamu ile. Kinachotakiwa ni kuwa na maswali machache na subira.

Swali la kwanza ni hili: nani alishika kamera? Ndege za kivita za leo hupigana mara nyingi zikiwa mbali sana, hata rubani asimwone kwa macho yule anayemfyatulia kombora. Anaona alama katika rada. Mnamo tarehe 7 Mei 2025, ndege za India na Pakistan zilipopambana, makombora yalirushwa kuvuka mpaka huku ndege za kila upande zikibaki katika anga yake. Filamu inayoonyesha ndege mbili ubavuni zikikunja kona kwa uzuri, kana kwamba mpiga picha alikuwa ameketi juu ya wingu, imejieleza yenyewe. Picha za kweli za vita vya anga aghalabu ni mbovu: nukta nyeupe, moshi, anga tupu, sauti ya mtu anayepumua kwa hofu. Ukiona vizuri mno, shaka imekuwa wajibu.

Swali la pili ni la dalili. Kampuni ya Kicheki ya Bohemia Interactive, inayotengeneza mchezo wa Arma 3, ilichoka kuona mchezo wake ukipewa majina ya Ukraine na nchi nyingine, na Novemba 2022 ikatoa mwongozo kwa umma. Ilieleza kuwa filamu za uongo mara nyingi huwa hafifu kwa makusudi, za kutikisika, za usiku, hazina sauti, na hazionyeshi watu wakitembea, kwa kuwa mwendo wa binadamu ndicho kitu kigumu kuliko vyote kukiigiza. Mwongozo ule haukuwatosha watu. Oktoba 2023 filamu za mchezo huo huo zilisambazwa kuwa ni helikopta za Israel zikitunguliwa Gaza, na Mei 2025 zikasambazwa tena kuwa ni vita vya India na Pakistan.

Swali la tatu ni la wakati: je, yapo mambo ambayo hayawezi kujulikana leo? Katika pambano hilo la Mei 2025 Pakistan ilidai tangu mwanzo kuwa imetungua ndege tano za India, baadaye sita. India ilinyamaza juu ya hasara zake. Hadi tarehe 31 Mei ndipo Mkuu wa Majeshi wa India alipokiri kwamba ndege zilipotea, bila kutaja idadi, huku akiikataa ile ya sita. Majenerali wenye rada na mitambo ya angani walihitaji zaidi ya majuma matatu kusema nusu ya ukweli. Mtu wa Singida au Kigoma aliyekwisha kujua yote saa tatu asubuhi ya siku ya kwanza alijuaje?

Wapo watakaojibu kwa methali kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ilikuwa ya kijiji, ambako msemaji alionekana na jambo lilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu. Haikutungwa kwa ajili ya filamu iliyoundwa na kijana asiyejulikana, katika mji usiojulikana, kwa mchezo ulionunuliwa dukani.

Mwalimu ana nafasi ambayo wizara nzima haina. Anaweza kuichukua filamu hiyo hiyo iliyomdanganya akaiingiza darasani, akamwita yule mwanafunzi wa kidato cha pili mbele ya wenzake, akamwambia: "Haya, tueleze ulitambuaje." Somo hilo la dakika 40 litafundisha uraia kuliko kurasa nyingi za kukariri. Mtoto atajifunza kwamba ujuzi wake wa kibandani una heshima, na wenzake watajifunza kwamba hata mwalimu huuliza kabla ya kuamini. Mtumishi wa ofisini naye akumbuke kuwa cheo chake husafiri pamoja na kila anachokituma. Filamu iliyotumwa na mpita njia ni porojo. Iliyotumwa na ofisa wa wilaya imepigwa muhuri, hata kama muhuri hauonekani.

Vita vyenyewe navyo vinazidi kufanana na mchezo. Kwa miaka mingi marubani wa Marekani walioketi kwenye viti huko Nevada wamerusha ndege zisizo na rubani juu ya nchi za watu wengine, kisha jioni wakaendesha magari kurudi nyumbani kula na watoto wao. Mwaka 2025 ilifahamika kote kwamba Ukraine imeweka utaratibu wa kuvipa alama vikosi vyake kwa kila shabaha iliyothibitishwa kwa filamu, na kwamba alama hizo hununulia vifaa vipya. Nchi iliyovamiwa ina haki ya kutafuta kila njia ya kujilinda. Lakini kadiri vita vinavyovaa nguo za mchezo, na mchezo nguo za vita, ndivyo mtazamaji aliye mbali anavyozidi kuhitajiwa akumbuke kwamba upande mmoja wa kioo kuna watu wanaokufa.

Kesho asubuhi, kabla ya kengele, simu italia tena katika chumba cha walimu. Ndege nyingine itaanguka ikiwaka moto juu ya nchi isiyojulikana, na wenzake mwenye simu watasogea. Apatikane mmoja tu wa kusema, "Ngojeni kwanza, ndugu zangu. Aliyepiga picha hii alikuwa wapi?" Huyo atakuwa amefanya kazi yake ya siku hiyo kabla hajashika chaki.